Shehena, Nafasi na Lumbesa: Uhakiki wa Ghala katika Mchezo wa No Man's Sky kwa Macho ya Nyeri

UTANGULIZI

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili juu ya kila kazi ya sanaa: kazi hii inasema nini, na inalisema kwa njia gani? Maswali hayo yameulizwa juu ya tenzi, riwaya na tamthilia, na baadaye juu ya nyimbo za redio na filamu. Michezo ya kompyuta, ambayo vijana wengi hutumia saa nyingi mbele yake kuliko mbele ya riwaya, aghalabu huachwa nje kwa hoja kwamba hiyo ni michezo tu. Hoja hiyo haina nguvu. Ngoma pia ni mchezo, na hakuna mtaalamu wa fasihi simulizi anayethubutu kusema kwamba ngoma haina maudhui.

Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha mchezo mmoja, nacho ni ghala la mizigo katika No Man's Sky, kazi ya kampuni ya Hello Games ya mji wa Guildford, Uingereza, iliyotolewa Agosti 2016, chini ya uongozi wa Sean Murray. Kwa mtazamaji wa haraka, ghala ni jambo dogo la kiufundi, la kuachiwa mafundi. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hayo. Ghala, wala si nyota, ndilo kiini cha kazi hii. Kila upanuzi wa ghala una mwenye kufaidika na mwenye kulipa. Mchezo huu umemwonyesha wa kwanza na kumficha wa pili. Na Kiswahili kina maneno ya kumfichua aliyefichwa, mradi mfasiri asikimbilie tafsiri ya neno kwa neno.

Mahali pa kuisomea kazi hii pamechaguliwa kwa makusudi. Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Karatina, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki, ni nchi ya mizigo. Viazi, kabichi, nyanya, chai, kahawa na miraa hutoka mashambani kila siku kuelekea barabara kuu na masoko ya mbali. Mchezaji aliyekulia huko huja kwenye kiwambo akiwa tayari anayajua maswali matatu: mzigo utapimwaje, utatosha wapi, na utafika lini? Kazi ya sanaa hupimwa vizuri na msomaji anayelijua somo lake.

JINSI GHALA LINAVYOFANYA KAZI

Ulimwengu wa mchezo huu ni mpana kupita kiasi cha fikira. Sayari zake huzalishwa na programu kwa kanuni za hisabati, na hesabu yake ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya milioni trilioni 18. Hakuna mtu awezaye kuzizuru zote. Msafiri huanza peke yake juu ya sayari moja, kando ya chombo kilichoharibika, na kazi yake ya kwanza ni kuokota madini na mimea ili akitengeneze.

Hapo ndipo ghala linapoingia. Vazi la msafiri lina ghala lake, na chombo chake kina lake. Kila ghala limegawanywa katika miraba iliyopangwa kwenye kiwambo, na kila mraba hubeba aina moja tu ya kitu mpaka kufikia kikomo fulani. Miraba ikijaa, msafiri hana budi kuchagua: auze, atupe, au aache alichokiona. Mchezo ulipotolewa mwaka wa 2016, vazi na chombo havikuweza kuzidi miraba 48 kila kimoja. Zaidi ya hayo, mitambo ya chombo, kama vile ngao na injini, iliwekwa katika miraba ile ile ya mizigo. Aliyetaka ngao imara alipunguza shehena. Aliyetaka shehena kubwa alisafiri akiwa dhaifu.

Njia za kuongeza nafasi ni kadhaa, na tofauti zake zina maana kwa mhakiki. Njia ya kwanza ni ya duka: msafiri hununua nafasi ya vazi katika kituo cha angani, na kila anaponunua tena bei hupanda. Njia ya pili ni ya safari: huzunguka sayari akitafuta vibanda vilivyoanguka kutoka angani, akavitengeneza kwa vifaa alivyobeba, na kila kibanda humpa nafasi moja pasipo kutoa fedha. Njia ya tatu ni kubadilisha chombo au kukipandisha daraja, kwa maana vyombo vimepangwa katika madaraja manne, na vipo vilivyoundwa hasa kwa ajili ya kuchukua mizigo. Njia ya nne ni kumiliki meli kubwa ya mizigo. Hatimaye msafiri anaweza kujenga makasha ya kuhifadhia yaliyopewa nambari 0 hadi 9.

Mwezi wa Oktoba 2022 waundaji waliufanyia mpango huo mageuzi makubwa. Mitambo ilitengwa na mizigo, na nafasi zikaongezwa mno hata chombo kikaweza kufikia nafasi 120 za mizigo. Wachezaji wengi waliyapokea mageuzi hayo kama nafuu. Kama ni nafuu pia kwa sanaa ya mchezo, hilo ni swali litakalorudiwa hapa chini.

TANI NA MRABA

Ili kuuelewa mraba wa No Man's Sky inafaa kumtazama mtangulizi wake. Mwaka wa 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite, mchezo wa biashara ya angani uliokuja kuwa kielelezo cha aina yake. Humo mchezaji alianza na fedha 100 na chombo chenye uwezo wa kubeba tani 20. Upanuzi wa ghala ulikuwa mmoja tu: alinunua sehemu kubwa zaidi ya mizigo na kufikia tani 35. Vyakula na nguo vilipimwa kwa tani, dhahabu kwa kilo, vito kwa gramu. Kipimo cha Elite, kwa hiyo, kilikuwa mizani.

No Man's Sky imeiacha mizani. Hakuna tani wala kilo katika ghala lake. Kitu kimoja cha thamani hujaza mraba mzima, na vumbi la chuma laweza kulundikana hadi vipande 9,999 ndani ya mraba huo huo. Chombo kilichojaa hakipai kwa shida kuliko kitupu. Kwa ufupi, mchezo umehama kutoka kipimo cha uzito kwenda kipimo cha chombo cha kupimia.

Msomaji wa mjini ambaye hununua sukari kwa pakiti anaweza kuuona uhamaji huo kuwa jambo la ajabu. Msomaji wa Karatina hataona ajabu yoyote. Soko lake limeishi na vipimo vya namna hiyo muda mrefu: mahindi na maharagwe kwa gorogoro na debe, nyanya kwa kreti, kabichi kwa kuhesabu, viazi kwa gunia. Huko Meru, kilo ya miraa si kilo ya mizani hata kidogo. Ni furushi la vifungu vilivyohesabiwa na kufungwa pamoja. Waswahili wa pwani nao walikuwa na kibaba na pishi, vipimo vya ujazo ambavyo vimebaki katika methali hata baada ya kutoweka sokoni. Kipimo cha chombo si kipimo duni. Ni rahisi, huonekana kwa macho, na hakihitaji mashine. Lakini kina udhaifu mmoja unaojulikana na kila mkulima wa viazi: chombo kinaweza kunyooshwa.

Hapa ndipo neno lumbesa linapostahili kuingia katika uhakiki. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka juu, kisha likaongezwa kilemba cha wavu au kipande cha gunia jingine, likajazwa tena na kushonwa. Jina lake hubaki gunia moja, na bei yake hubaki ya gunia moja. Neno hilo linajulikana pande zote mbili za mpaka, Kenya na Tanzania, na pande zote mbili serikali zimelipiga vita jambo lenyewe. Kenya, kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini lumbesa haikukoma kwa sababu ya kanuni. Sababu yake ni wazi. Mwenye lori hupata mzigo mkubwa kwa bei ile ile, na mkulima, ambaye viazi vyake haviwezi kungoja, hana nguvu ya kukataa.

Lumbesa ni upanuzi wa ghala. Hili ndilo jambo ambalo mchezo hausemi na soko la Karatina hulisema waziwazi. Katika No Man's Sky kila nafasi inayoongezwa ni baraka tupu: msafiri hubeba zaidi, huuza zaidi, hupata zaidi. Hakuna anayepunjika, kwa sababu hakuna upande wa pili. Madini hutoka katika ardhi isiyo na mkulima. Mimea huchumwa katika mashamba yasiyo na mpanzi. Jina la mchezo laweza kutafsiriwa Anga Lisilo na Mwenyewe, na jina hilo lina unafiki wa aina yake. Anga halina mwenyewe, lakini ghala lina mwenyewe. Na kwa kuwa anga halina mwenyewe, chochote kinachoingia ghalani kinahesabiwa kuwa halali.

Msomaji wa Nyeri ana sababu za kihistoria za kulitilia shaka wazo la nchi isiyo na mwenyewe. Ardhi nyingi za nyanda za juu za Kenya zilitwaliwa na serikali ya kikoloni na kugawiwa walowezi kwa kudaiwa kwamba zilikuwa tupu au hazikutumiwa. Vita vya Mau Mau vya miaka ya 1950, ambavyo misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa uwanja wake, vilipiganwa juu ya dai hilo. Si haki kuwashtaki waundaji wa mchezo kwa makosa ya walowezi, wala makala haya hayafanyi hivyo. Inatosha kusema kwamba ghala lisilo na upande wa pili ni wazo lenye historia, na kwamba kuna wasomaji ambao hawawezi kulipokea bila kuuliza.

AKIBA ISIYOOZA

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo husema juu ya busara ya kuweka, si juu ya nyanya. Mchezo, hata hivyo, umeichukua kwa maana yake ya juu juu kabisa: ghalani mwake hakuna kinachooza. Tunda lililochumwa leo litakuwa vile vile baada ya safari ya nyota mia moja. Muda haumo ndani ya ghala.

Upungufu huu ni mkubwa kuliko ule wa uzito, na unaonekana vizuri zaidi kutoka Meru. Miraa hutafunwa ikiwa bado mbichi, na nguvu yake hupungua haraka baada ya kukatwa, kiasi kwamba biashara nzima hukimbizana na siku mbili hivi. Hufungwa kwa majani ya migomba ili isinyauke, na magari huiwahisha Nairobi kwa mwendo unaojulikana na kila mtumiaji wa barabara hiyo. Mwenye miraa hafikirii kwanza ukubwa wa gari. Hufikiria saa. Kwake, ghala kubwa bila mwendo ni kaburi la mali. Nyanya za Kirinyaga na kabichi za Nyeri zina sheria iyo hiyo, ingawa si kali vile. Dalali wa barabarani hupata nguvu yake kutokana na kuoza: anajua kwamba jua likizama bei itashuka.

Kwa kuuondoa muda, mchezo umeondoa mvutano mkubwa kabisa uliomo katika uchukuzi wa mizigo, na umebakiza mvutano wa nafasi peke yake. Ndiyo maana ghala lilikuwa na nguvu za kisanaa mwaka wa 2016 na likapungukiwa baada ya 2022. Pale mwanzo, miraba ilikuwa michache na ngao ilishindana na shehena. Msafiri aliposimama mbele ya madini adimu huku ghala limejaa, alikuwa katika hali ya kitanzia kidogo: kila chaguo lilikuwa na hasara yake. Baada ya nafasi kuwa 120 na mitambo kutengwa, chaguo hilo likafifia. Uhaba ulikuwa ndio mtunzi wa matukio. Ulipofukuzwa, matukio yalibaki bila mtunzi.

Wapo watakaojibu kwamba uchache wa nafasi ulikuwa usumbufu tu, na kwamba mchezaji alitumia muda mwingi kupanga miraba kuliko kuangalia anga. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Kama mchezaji hupanga mizigo kwa saa nyingi kuliko anavyotazama nyota, basi kupanga mizigo ndiko maudhui halisi ya kazi, na mhakiki anapaswa kukuchunguza huko. Dawa ya usumbufu ingeweza kuwa kuifanya kazi ya kupanga iwe na maana zaidi, badala ya kuipunguza.

Kuna mahali pamoja ambapo mchezo umeligusa jambo hili kwa ustadi, napo ni katika mtambo wa kuchujia madini ulioingizwa mwaka wa 2018. Msafiri hutia vipande viwili vya kaboni ya kawaida na kupata kipande kimoja cha kaboni iliyokolezwa, chenye nguvu zaidi. Mzigo hupungua wingi na kuongezeka nguvu. Huu ni upanuzi wa ghala usiogusa ghala: badala ya kuongeza chumba, mtu huupunguza mzigo.

Hakuna somo linaloeleweka zaidi Nyeri kuliko hilo. Wakulima wa kahawa hupeleka matunda mekundu kwenye viwanda vya ushirika siku ile ile yanapochumwa. Humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Kilo sita au saba za matunda hutoa takriban kilo moja ya kahawa iliyo tayari kutiwa katika gunia la kilo 60 na kuuzwa ng'ambo. Karatina nako, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Mboga zilinyimwa maji yake ili zisafiri mbali bila kuoza na bila kujaza behewa. Kiwanda kilifungwa baada ya vita. Mifano yote miwili yaonyesha kwamba kupunguza ujazo ni kazi yenye maji, jua, kuni na mikono ya watu. Katika mchezo ni kazi ya mashine ndogo na subira ya nusu dakika.

MGONGO USIOONEKANA

Kasoro hiyo ya mwisho yahitaji kutajwa peke yake. Ghala la No Man's Sky halina mchukuzi. Shehena huhama kutoka vazi hadi chombo, na kutoka chombo hadi kasha, kwa kubonyeza kitufe. Hakuna anayepakia wala anayepakua. Meli kubwa ya mizigo ina mabaharia, lakini mabaharia hao hawaonekani wakibeba kitu.

Katika masoko ya mlimani, mzigo hauondoki mahali pake bila mgongo wa mtu. Wapo vijana wa mikokoteni; wapo wapakiaji wanaolibeba gunia la lumbesa juu ya mabega huku uzito wake ukizidi wao wenyewe; wapo wanawake ambao tangu zamani wamebeba kuni na mazao kwa mshipi unaokazwa kwenye paji la uso, ambao Wagĩkũyũ huuita mũkwa. Hoja moja inayotolewa dhidi ya lumbesa ni kwamba huvunja migongo ya wapakiaji, na hoja hiyo haihusu bei hata kidogo. Kazi ya sanaa inayosimulia mizigo kwa mamia ya saa bila kuonyesha mgongo hata mmoja imeacha nusu ya hadithi.

Kadhalika, ghala la mchezo halina nyumba. Katika boma la Wagĩkũyũ wa zamani, ghala la nafaka, yaani ikũmbĩ, lilisimama karibu na nyumba ya mke, na lilikuwa chini ya mamlaka yake. Kuhesabu maghala ya boma kulikuwa sawa na kuhesabu nyumba zake na watoto wa kulishwa. Makasha ya mchezo yana nambari 0 hadi 9, na hayamlishi mtu. Akiba hukusanywa ili kununua nafasi, na nafasi hununuliwa ili kukusanya akiba. Duara hilo ni la kweli kwa namna yake. Ni picha sahihi ya ulimbikizaji wa mali usio na lengo nje ya ulimbikizaji wenyewe. Lau waundaji wangeliionyesha picha hiyo kama tatizo, kazi yao ingelikuwa tashtiti kubwa ya zama zetu. Inavyosimama, inaionyesha kama maendeleo.

LUGHA YA GHALA

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo mchezo huu umetolewa. Mchezaji wa Nyeri huusoma kwa Kiingereza, akauzungumza kwa Gĩkũyũ, Kiswahili au mchanganyiko wa lugha hizo. Hata hivyo swali la tafsiri si la kinadharia tu. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Vizazi kadhaa vya wasomaji viko tayari. Kisichokuwa tayari ni istilahi.

Wala Kiswahili si mgeni angani. Setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru, na ile ya Kenya iliyorushwa kutoka Marekani Aprili 2023 inaitwa Taifa-1. Lugha iliyotoa majina ya vyombo haiwezi kushindwa kutaja vyumba vyake.

Tuanze na neno chombo lenyewe. Katika Kiswahili, chombo ni sufuria na mtungi. Chombo ni jahazi na ndege. Chombo ni kifaa cha kazi. Mfasiri anayesema chombo cha anga hatafsiri tu, tayari amehakiki. Amesema kwamba kinachosafiri ni kile kile kinachohifadhi. Mchezo mzima umejengwa juu ya ukweli huo, na Kiingereza cha mchezo hakiusemi kwa uwazi kama huu.

Kwa mizigo, mabaharia wa pwani wametuachia akiba kubwa. Shehena ni mzigo wa chombo, tofauti na mzigo wa mtu. Nacho chombo kilichojaa kimesheheni. Ngama ni sehemu ya ndani, chini kabisa ya chombo. Feuli ni mahali pa kuwekea vitu upande wa tezi. Farumi ni uzito unaotiwa katika chombo kitupu ili kisiyumbe. Neno hili la mwisho halina kazi katika No Man's Sky, kwa kuwa chombo chake hakina uzito. Na kukosa kazi kwa neno farumi ni ushahidi wa kiisimu wa kasoro iliyotajwa hapo juu.

Pingamizi ni dhahiri: mwanafunzi wa Nyeri hajaona ngama wala feuli. Ni kweli, lakini hajaona pia nyota anazozizuru mchezoni. Istilahi haihitaji kuwa imeonwa. Yahitaji kuwa fupi, yenye kutamkika, na yenye maana moja katika uwanja wake. Kwa mraba wa ghala, neno nafasi linalopendelewa na wengi lina maana nyingi mno: ni mahali, ni fursa, ni wasaa. Kidaka, yaani tundu la ukutani la kuwekea vitu katika nyumba za mawe za pwani, ni jina bora. Chombo chenye vidaka 48 kinaeleweka mara moja, na hakichanganyiki na fursa.

Pwani peke yake haitoshi, hata hivyo. Mlima nao una haki ya kuchangia, na mchango wake ni lumbesa, gorogoro, kiondo na kreti. Maneno haya hayapungukiwi na usanifu kwa sababu yametoka sokoni. Mfasiri wa mchezo wowote wa mizigo atahitaji neno la kujaza kupita kikomo. Neno hilo lipo, na lina hukumu ndani yake.

Tatizo kubwa liko katika kitenzi. Kiingereza cha mchezo hutumia neno moja, upgrade, kwa mambo matatu: kuongeza vidaka, kukipandisha chombo daraja, na kuufanya mtambo uwe na nguvu zaidi. Mfasiri mvivu ataandika kuboresha mahali pote. Kuboresha maana yake ni kufanya kuwa bora, na hapo hukumu imeshatolewa kabla ya msomaji kufikiri. Aliyeongeza kilemba juu ya gunia la viazi naye amelipanua gunia, je, ameliboresha? Kwa nani? Inapendekezwa kwamba ghala lipanuliwe, chombo kipandishwe daraja, na mtambo uimarishwe. Vitenzi hivyo vitatu husema kilichotendeka, na kumwachia msomaji aamue kama ni kizuri.

HITIMISHO

No Man's Sky ni kazi yenye fani kubwa. Imebuni ulimwengu usiomalizika, na katika umbo lake la 2016 iliufanya uhaba wa vidaka kuwa chanzo cha mvutano wa kweli. Njia yake ya kutafuta nafasi kwa safari, badala ya kuinunua, yastahili sifa, kwa kuwa hapo ghala na uvumbuzi husaidiana. Mtambo wake wa kuchujia unaonyesha kwamba waundaji walielewa kuwa kuna njia ya kupanua bila kujenga. Kimaudhui, hata hivyo, kazi imebaki nyuma ya fani yake. Ghala lisilo na uzito, lisilo na muda, lisilo na mchukuzi na lisilo na muuzaji ni ghala lililokombolewa kutoka kila kitu kinacholifanya ghala kuwa jambo la wanadamu.

Wajibu wa idara za Kiswahili ni wa aina mbili. Kwanza, kuihakiki michezo hii kwa vipimo vile vile vya fani na maudhui vinavyotumiwa kwa riwaya, bila kuidharau na bila kuipamba. Pili, kuitungia istilahi kabla soko halijajitungia. Nyeri pana Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka wa 2012, na Karatina pana chuo kikuu kilichopata yake mwaka wa 2013. Mwalimu wa lugha na mtunzi wa programu wametenganishwa na mwendo mfupi tu wa barabara, na soko la Karatina liko katika barabara hiyo hiyo. Waanze na maneno ya mizigo: waamue ni kidaka au nafasi, ni kupanua au kuboresha, na waandike lumbesa katika orodha yao bila haya.